Dakika Tisa za Sima

"Sauti ipo, picha hakuna."

Kwa miaka kumi na saba ya ufundi wangu hapa Magadini, maneno hayo nimeyasikia mara nyingi kuliko jina langu. Mtu anakuja ameikumbatia kompyuta kama mgonjwa, anasema video inalia lakini haionyeshi kitu, na mara tisa katika kumi kosa ni lake mwenyewe. Kapunguza mwanga wa skrini, au kachomoa waya akisafisha meza. Namrekebishia, namsema kidogo, anakwenda zake.

Asubuhi ile haikuletwa kompyuta. Kililetwa kikopo cha maziwa ya unga, na ndani yake kulikuwa na shahidi wa shemeji yangu Sima, bado ana nyama.

Mtendaji Msengi alikiweka mezani kwangu, akajifuta vidole kwenye suruali. "Sauti ipo, picha hakuna," akasema. "Felista, tusaidie."

"Mtendaji, huyu ni mume wa mdogo wangu. Kanuni inakataza."

"Fundi mwingine yuko safari ya siku mbili. Watu wako uwanjani tangu alfajiri. Hawatangoja siku mbili, hata adhuhuri sijui kama wataifikisha."

Nyuma yake mlangoni alisimama Obedi, kaka yake Sima, mtaimbo begani. Mtaimbo ulikuwa na damu mbichi, na Sima alikuwa amekufa tangu jana jioni, kwa hiyo haikuwa damu yake.

"Shemeji, tumeshampata," Obedi akasema. "Ni Yona Mughwai. Sauti yake imo humo. Tunataka sura tu."

"Kama mmeshampata, sura ya nini?"

"Ili mama yangu aione."

Nilimtoa shahidi kwa kibano, nikamwosha kwa spiriti. Ni kidude cha ukubwa wa punje ya mahindi. Kila mtu mzima hapa anashonewa mmoja chini ya mtulinga siku anapoandikishwa mgodini, na kijicho chake hutazama nje kupitia tundu dogo la ngozi. Anaona kila unachokiona na kusikia kila unachokisikia, lakini anayafuta akienda. Anabakiza dakika tisa za mwisho tu, moyo unaposimama. Kabla moyo haujasimama hafunguki kwa ufunguo wowote. Waliomtengeneza walijivunia sana jambo hilo. Walisema kuanzia sasa mtu akiuawa atajitolea ushahidi mwenyewe.

Msengi akanikumbusha kanuni, kana kwamba nimeisahau. Picha ikimwonyesha muuaji, muuaji anakwenda Bwawa la Tatu. Fundi akiapa kwamba picha imekufa, sauti inapigwa uwanjani na umma unaamua. Umma wa Magadini haujawahi kuamua kumwachia mtu.

Bwawa la Tatu ndilo linalochanganywa dawa ya kuchujia madini ya betri. Mwaka juzi mbwa alitumbukia, tukamvua kwa upondo baada ya saa moja. Tulichovua ni mnyororo na meno.

"Yona anasemaje?" nikauliza.

"Anasema alikuwa amelewa, hakumbuki," Obedi akajibu. "Tutamkumbusha."

Kila mtu alijua ugomvi wao. Sima alikuwa nyapara wa zamu, na mwezi uliopita alimlazimisha mdogo wa Yona kushuka kwenye shimo ambalo nguzo zake zilishaanza kulia. Shimo likamfunika yule kijana. Tangu siku hiyo Yona alikuwa akilewa na kutangaza barabarani kwamba atamuua Sima. Mlevi mwenye kiapo ni mtuhumiwa aliyejipika mwenyewe.

Nikawafungia mlango wote wawili.

*

Kitabu cha mafundi kinachotoka makao makuu kina ukurasa mmoja wa tatizo hili. Kinaanza na mambo ya kitoto, na ni sawa kianze hivyo, maana fundi mwenye kiburi hupoteza siku nzima kwa waya uliochomoka. Nikakaza nyaya, nikapandisha mwanga wa skrini mpaka mwisho, nikabonyeza kitufe cha kucheza.

Giza. Na katika giza, Sima anauawa.

Pigo la kwanza si kubwa, ni kama mtu kaangusha gunia. Sima anatoa sauti fupi ya mshangao. La pili linavunja kitu. La tatu lina majimaji. Baada ya la tano Sima hana sauti tena, kuna pumzi tu inayopita kwenye damu na kukoroma, na mapigo yanaendelea juu ya ile pumzi, saba, nane, mpaka kumi na moja. Kisha moyo unasimama na faili linaisha.

Nikanawa uso, nikarudi kwenye ukurasa.

Hatua ya pili ni kujaribu kicheza video kingine. Nikajaribu viwili, na mara mbili nikamsikia Sima akifa. Hatua ya tatu ni kodeki. Sauti na picha zinakaa ndani ya faili moja, lakini kila moja inakunjwa kivyake kama nguo sandukuni, na kila moja ina programu yake ya kuikunjua. Hiyo ndiyo kodeki. Ya sauti ikiwepo na ya picha ikikosekana, unasikia bila kuona. Nikaweka kodeki ya mashahidi, ile mpya, nikacheza. Sima akafa tena gizani. Nikaondoa draiva, programu inayoendesha kadi ya picha, nikaiweka upya. Nikaizima kadi kabisa ili kompyuta ichore picha yenyewe, polepole. Sima akafa polepole vilevile.

Ukurasa ukaisha. Mstari wake wa mwisho unasema: hatua zote zikishindikana, fundi aape kwamba picha imekufa.

Sikuapa. Si kwamba mimi ni mwema kuliko wengine. Ni ubishi tu, nimezaliwa nao. Nikaangalia kitu ambacho kitabu hakisemi kiangaliwe, ukubwa wa faili. Dakika tisa za sauti tupu ni kitu kidogo sana. Hili lilikuwa faili zito, lenye uzito wa picha kamili.

Kumbe picha ilikuwemo. Ilikuwa nyeusi tu.

Weusi uko wa aina mbili. Picha ikifa, kila nukta ya skrini inakuwa na namba ileile, sifuri kila mahali, haitikisiki. Picha ya giza la kweli ina punje. Namba zake zinachezacheza, kwa sababu jicho halijawahi kuona sifuri. Nikafungua namba. Zilikuwa zinacheza. Nikaongeza mwanga mara kumi, mara ishirini, mara arobaini, na kwenye skrini yangu zikatokea nyuzi. Nyuzi za kwenda na nyuzi za kukatiza, na pembeni mstari mmoja mwekundu. Zilikuwa zinapanda na kushuka taratibu, pamoja na pumzi ya mtu.

Lilikuwa shuka la Sima, lile la kujitanda begani. Shahidi wake alikuwa mzima kabisa, na alichokiona ni kitambaa.

Kuziba shahidi ni kosa hapa kwetu, unalala ndani siku saba. Lakini liko jambo moja ambalo halimo katika kanuni yoyote na kila mtu analijua. Mwanamume wa huku hamtazami mama mkwe. Akifika uani kwake anakohoa mara tatu ili asimkute vibaya, anaingia ameinama, anaketi kigodani ameelekea ukutani. Hazungumzi naye ana kwa ana. Anasema na ukuta, na mkwe haitikii. Mashahidi walipoletwa, wanaume wetu walijiuliza: hili nalo si jicho? Wakaanza kulifunika kwa shuka tangu uani. Askari wa mgodi hujifanya hawaoni, maana nao wana wakwe. Wahandisi wa makao makuu hawakuambiwa, ndiyo sababu ukurasa wao una hatua zote isipokuwa hiyo.

Nikasikiliza tena tangu mwanzo, na safari hii nilisikiliza kama mtoto wa Magadini, si kama fundi.

Kikohozi, mara tatu. Mwanzoni sikukijali, sote hapa tunakohoa vumbi la chumvi. Mlango. Kigoda kinakokotwa. Kwa mbali, barabarani, Yona analia kilevi: "Sima! Leo nakumaliza!" Kisha Sima, karibu, sauti ya chini: "Atoke. Akikataa nitamtoa mwenyewe, na leo sitamwachia hata jino." Obedi na wenzake walidhani hapo Sima anajibizana na Yona. Baada ya hapo kimya cha dakika nne. Kisha mapigo.

Mawili, pumzi. Mawili, pumzi. Mawili, pumzi.

Nimekua nikiamshwa na mwendo ule. Si nyundo ya mgodini, ni mchi. Na mwanamke anayetwanga mara mbili kisha akavuta pumzi, kwa sababu pafu lake moja limeliwa na chumvi, namjua mmoja tu katika mji huu. Sima naye alikuwa na mama mkwe mmoja tu, mama yangu.

*

Nyumba ya mama iko mstari wa pili, hatua kama mia tatu kutoka maghala ya chumvi ambako mwili uliokotwa. Nilipitia nyuma. Uani kinu kilikuwa kimegeuzwa kifudifudi. Mchi umeegemezwa ukutani juani, umesuguliwa kwa majivu mpaka umekuwa mweupe. Toroli la kubebea maji nalo limeoshwa, gurudumu bado linatona.

Ndani, mdogo wangu Hosiana alikuwa amelala mkekani, taya limefungwa kwa kitambaa, jicho moja limezibwa na uvimbe. Hiyo ilikuwa mara ya tatu mwaka ule. Mara ya kwanza alituambia ameanguka bafuni, mara ya pili akasingizia mlango. Safari hii hakuwa na mdomo wa kusemea uongo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona peku?"

Nikatazama miguu yangu. Nilikuwa nimesahau viatu dukani.

"Mama, picha haijaharibika," nikasema. "Nimeliona shuka. Sima alijifunika."

Mama alikuwa anakoroga uji kwenye bakuli. Hakuacha kukoroga. "Alikuwa na adabu yule kijana," akasema. "Kwangu mimi."

Nikakaa chini.

"Alikohoa, akaingia, akageukia ukuta," mama akaendelea, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za sokoni. "Akainamisha kichwa kama inavyotakiwa. Akauambia ukuta kwamba anakuja kumtoa mwenzio aliyekimbilia kwangu. Mimi sikumjibu, sijapata kumjibu miaka sita. Nikamtazama kisogo. Nikasema moyoni, huyu leo anaondoka na mwanangu, na keshokutwa Mtendaji anamletea Felista kikopo. Felista atazitazama dakika tisa za mdogo wake. Ataniita nizione na mimi. Nikasema hapana, zifunguliwe za kwake kwanza."

"Mama."

"Usiniite mama kwa sauti hiyo. Miaka sita mdogo wako ana kidude kifuani kinachoona kila kofi, kila teke, na hakuna mwenye ruhusa ya kukifungua mpaka afe. Shahidi gani huyo, Felista? Wewe fundi niambie."

Mimi ndiye niliyemshonea Hosiana yule shahidi, kwa mikono hii, nikampuliza kidonda na kumwambia haumi.

"Wamemkamata Yona," nikasema.

Kijiko kikasimama. "Yona wa Mama Yona?"

"Yupi mwingine? Sauti yake imo. Adhuhuri wanampeleka bwawani."

Mama na Mama Yona walifika Magadini kwa lori moja, wakatwanga kinu kimoja miaka ya njaa. "Nilimsikia akipiga kelele," akasema. "Nikadhani ni pombe tu, itapita. Nilijua watasema ni majambazi wa chumvi. Sikumfikiria yeye kabisa."

"Basi niambie nifanye nini."

"Sikuambii." Akachota uji, akauingiza taratibu kwenye pembe ya mdomo wa Hosiana. "Nikikuambia unyamaze, nimemuua na Yona. Nikikuambia useme, nimekufanya uniue kwa sababu ya utii. Wewe ndiye uliyeiona picha. Nenda. Nikimaliza kumlisha huyu nitakuja."

Nilitaka kumpiga, Mungu anisamehe. Nilitaka pia kumbeba mgongoni nikimbie naye jangwani. Hosiana alinyoosha mkono akashika ncha ya gauni langu, akavuta, jicho lake moja zima likinitazama. Sikujua ananiomba niseme au ninyamaze, na sikungoja nijue.

*

Uwanja ulikuwa umejaa mpaka juu ya malundo ya chumvi. Skrini ya mgodi, ile ya matangazo, ilikuwa imewashwa ukutani kwa ofisi. Yona alifungwa kwenye nguzo ya bendera, na uso wake haukuwa tena uso; wanaume walikuwa wamepokezana asubuhi nzima. Jino lake lilikuwa limekwama kwenye damu ya kidevu.

Niliunganisha kompyuta yangu. Msengi akaninyooshea kipaza sauti.

"Fundi, picha?"

Nilikuwa nimekuja njia nzima nikijiambia nitaamua nikifika. Nilipofika, mdomo ukaamua peke yake.

"Imekufa," nikasema.

"Unaapa?"

"Naapa."

Na hiyo ndiyo dhambi yangu, naiandika kwa jina langu ili asije mtu akaipamba. Nilimtoa Yona kafara nikambakiza mama, na sikuona aibu wakati ule. Nilihisi ahueni, kama mtu aliyetua ndoo.

Msengi akabonyeza. Kikohozi kikatoka kwenye vipaza sauti vinne, halafu mlango, halafu kigoda. Sauti ya Yona iliposema "Leo nakumaliza!" uwanja ukalipuka. Mapigo yalipoanza watu waliyahesabu kwa sauti, na kwa kila hesabu Obedi alishusha mtaimbo kwenye mkono wa Yona uliofungwa kwenye nguzo. "Moja!" Vidole. "Mbili!" Kiganja. Kufika "tano" mkono ulikuwa unaning'inia kwa ngozi. Yona hakupiga kelele kama nilivyotegemea. Alikuwa analia kwa aibu.

"Labda ni mimi," akawa anasema. "Sikumbuki jamani. Kama ni mimi nisameheni. Labda ni mimi."

Hilo ndilo lililonikata. Nilikuwa nimempa mtu mzima kosa la kubeba, naye alikuwa anajitahidi kulikumbuka.

Wakamfungua nguzoni, wakamfunga kamba miguuni, ndugu wanne wa Sima wakaanza kumburuta kuelekea bwawani. Kichwa chake kikawa kinagonga kila jiwe la chumvi. Mama Yona akajilaza juu ya kamba. Mtu akampiga teke la ubavu, akabingirika, akarudi tena kujilaza. Watu wakacheka. Wengine walikuwa majirani zangu, watu ambao nimewatengenezea redio.

Nikamwona mama. Alikuwa amesimama pembeni ya umati, kanga yake ina matone ya uji. Nilimtazama nikitafuta ishara, akubali au akatae, nipate pa kuegemea. Hakunipa. Alinitazama tu kama alivyonitazama siku ya kwanza naenda shule, akisubiri aone kama nitageuka nyuma.

Nikachukua kipaza sauti.

"Simameni! Nimeapa uongo!"

Hawakusikia. Nikafungua vipaza sauti mpaka mwisho, vikalia filimbi ile inayotoboa masikio, na uwanja mzima ukashika vichwa. "Nimeapa uongo," nikarudia. "Picha ipo. Tazameni."

Nikalirudisha faili mwanzo. Nikapandisha mwanga mara arobaini, kidole changu juu ya kitufe kikiwa kizito kuliko mtaimbo wa Obedi. Kwenye ule ukuta zikajitokeza nyuzi, kila uzi unene wa mkono wa mtu, na ule mstari mwekundu. Shuka likawa linapumua mbele yetu. Kikohozi. Kikohozi. Kikohozi.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Umewahi kuona upepo ukipita kwenye mtama? Hivyo ndivyo walivyoinama vichwa, mstari baada ya mstari, kadiri walivyoelewa. Wa kwanza kusema alikuwa Mama Yona, palepale chini kwenye kamba, damu mdomoni.

"Kajifunika," akasema. "Yuko kwa mkwewe."

Kisha akamtazama mama yangu, naye akafunika uso wake kwa mikono yote miwili. Nadhani angeweza kulirudisha neno lake angelimeza.

Obedi aliangusha kamba. Akageuka, na ndugu zake wakageuka, na watu wakawapisha mpaka njia ikawa wazi kati yao na mama. Wakaanza kwenda. Mimi nilikuwa nikisubiri mtaimbo upande juu. Badala yake, hatua kumi kabla ya kumfikia, Obedi alisita, akavuta shuka lake begani, akaliteremsha kifuani akamfunika shahidi wake. Ndugu zake watatu wakafanya vilevile. Mama wa mke wa mdogo wao ni mkwe wao pia. Walikuwa wanakwenda kumuua, na hawakuthubutu kumtazama.

Umati nao, mmoja mmoja, ukaanza kujifunika. Kanga, mashuka, makoti, viganja vitupu. Msengi alijifunika kwa faili la kanuni.

"Msinishike," mama akawaambia wale wanaume. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuisikia sauti yake. "Njia ya bwawani naijua. Nifuateni nyuma."

Lakini alipita kwangu kwanza. Akaivua kanga yake mabegani, akaizungusha kifuani kwangu juu ya shahidi, akaifunga fundo nyuma ya shingo, kama alivyokuwa akinifunga nikiwa na homa. Ilinuka uji na majivu.

"Wewe usione," akasema. "Huyo mwenzio anakunywa vijiko sita, kidogo kidogo. Usimharakishe."

"Mama, nisamehe."

"Umegeuka nyuma," akasema, na nusura atabasamu. "Nilijua utageuka."

Akatangulia.

Nilifumba macho. Nikasikia hatua zake kwenye chumvi, na hatua za wanaume wanne nyuma yake. Mawili, pumzi. Mawili, pumzi. Nikasikia mlango wa chuma wa Bwawa la Tatu ukifunguliwa. Nikasikia maji. Nikasikia mlio mmoja ambao haukuwa neno, ukaendelea kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani mtu mwenye pafu moja anaweza, na baada ya hapo nikasikia umati mzima wa Magadini hausemi chochote.

Yona alipona. Huja dukani na mkono wake mmoja, hukaa kizingitini, nami humpa chai. Hosiana sasa anatafuna. Kiapo changu cha uongo kilinilaza ndani mwezi mzima, nikastahili.

Kanga ile sijaifungua tangu siku hiyo. Wamenikamata mara mbili kwa kuziba shahidi na nitakamatwa tena. Siku moyo wangu utakaposimama, Mtendaji atapeleka kikopo kwa fundi fulani, na yule fundi atakaza nyaya, atapandisha mwanga, atabadili kodeki, atatoa jasho bure. Namwachia neno hili mapema asihangaike. Sauti ipo, picha hakuna, na hakuna kilichoharibika.